Hadhi ya barabara za mijini na mgawanyo wa gharama za uboreshaji kati ya mamlaka na wamiliki wa viwanja

Kila barabara ya umma ina hadhi yake. Hadhi hiyo huamua ni chombo gani kinaihudumia, fedha za matengenezo yake zinatoka wapi, na eneo la hifadhi yake lina upana gani. Katika nchi zinazowataka wamiliki wa viwanja kuchangia gharama za uboreshaji, hadhi huamua pia jambo la nne, nalo ni kiasi cha fedha kitakachoandikwa kwenye ankara ya mwenye nyumba inayopakana na barabara hiyo.

Makala haya yanaeleza namna barabara za mijini zinavyopangwa katika hadhi nchini Tanzania, vyanzo vya fedha zinazozihudumia, na utaratibu wa kugawana gharama na wamiliki kama ulivyotumika katika nchi nyingine, pamoja na manufaa na manung'uniko yaliyotokana nao. Maelezo haya ni ya kuelimisha. Si tangazo la tozo.

Hadhi za barabara kisheria

Nchini Tanzania, upangaji wa barabara katika hadhi unaongozwa na Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007. Sheria hiyo inazigawa barabara za umma katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni barabara za kitaifa, ambazo ni barabara kuu na barabara za mikoa. Hizi zinasimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), na mtandao wake unazidi kilomita 36,000. Kundi la pili ni barabara za wilaya, zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulioanza kazi mwaka 2017. Mtandao wake unazidi kilomita 144,000, yaani karibu mara nne ya ule wa kitaifa.

Barabara za wilaya nazo zina ngazi tatu. Ya kwanza ni barabara za mkusanyo, ambazo hupokea magari kutoka barabara ndogo na kuyafikisha kwenye barabara za mikoa au barabara kuu. Ya pili ni barabara za mlisho, ambazo mjini huunganisha maeneo ya makazi, viwanda na biashara na barabara za mkusanyo. Ya tatu ni barabara za jamii, zinazohudumia wakazi wa eneo dogo na kuwafikisha kwenye nyumba zao.

Mpangilio huu hautazami uzuri wa barabara wala aina ya tabaka lake la juu. Barabara ya udongo inaweza kuwa ya mkoa, na barabara ya lami inaweza kuwa ya jamii. Kinachopimwa ni kazi ya barabara: inaunganisha wapi na wapi, na magari yanayoipita ni ya wakazi wake au ni ya wapita njia. Kwa sababu hiyo, mji unapokua, barabara iliyokuwa ya wakazi wachache inaweza kugeuka kuwa njia ya mkato ya daladala na malori bila hadhi yake kubadilika kwenye kumbukumbu.

Maombi ya kupandisha au kushusha hadhi hupitia hatua maalumu. Hoja hujadiliwa katika Bodi ya Barabara ya Mkoa, huchambuliwa na Kamati ya Kitaifa ya Kupanga Barabara katika Hadhi Stahiki, na uamuzi hutolewa na Waziri mwenye dhamana. Mwananchi anayeona kuwa barabara yake imebeba mzigo usiolingana na hadhi yake anaweza kuanzia kwa viongozi wa mtaa na diwani wa kata, ili hoja ifikishwe kwenye vikao husika.

Fedha za barabara zinatoka wapi

Chanzo kikuu cha fedha za matengenezo ni Mfuko wa Barabara, unaotokana zaidi na tozo ya mafuta. Kila anayenunua petroli au dizeli hulipia barabara, awe amepita barabara kuu au kichochoro cha nyumbani kwake. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ili kuimarisha barabara zinazosimamiwa na TARURA.

Ujenzi mpya hutegemea zaidi bajeti ya Serikali na mikopo ya maendeleo. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam (DMDP), ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015, ulijenga barabara, mitaro na taa katika manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Katika mradi wa aina hiyo, mkopo hulipwa na walipakodi wote wa nchi, lakini thamani ya kiwanja kilichopata barabara ya lami humnufaisha mwenye kiwanja hicho.

Kodi ya majengo haisahihishi tofauti hiyo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakusanywa kupitia mita za umeme kwa kiwango maalumu, kulingana na aina ya jengo na idadi ya ghorofa. Nyumba ya kawaida iliyo kando ya lami na taa hulipa sawa na nyumba ya kawaida katika eneo ambalo gari la wagonjwa haliwezi kufika wakati wa masika.

Msingi wa hoja ya kuchangia

Hoja ya kuwashirikisha wamiliki inatokana na pengo hilo. Barabara ina manufaa ya aina mbili. Yapo manufaa ya jumla, ambayo humfikia kila anayepita, na yapo manufaa mahususi, ambayo humfikia mwenye ardhi inayopakana na barabara: kiwanja hupanda thamani, mpangaji hupatikana kwa urahisi, duka huongeza wateja, na vumbi na maji ya mvua huacha kuingia ndani. Wanaounga mkono uchangiaji husema kuwa sehemu ya kwanza ilipwe na umma na ya pili ilipwe na mnufaika.

Hapo ndipo hadhi ya barabara inapoingia. Barabara ya jamii, isiyopitiwa na watu wengine zaidi ya wakazi wake, ina manufaa mahususi mengi na ya jumla machache. Barabara ya mkusanyo ni kinyume chake: mwenye nyumba iliyo kando yake hupata lami, lakini hupata pia kelele, moshi na hatari kwa watoto, huku wanaofaidi zaidi wakiwa ni wapita njia. Kumtoza mwenye nyumba huyo kiwango sawa na cha barabara ya jamii ni kumlipisha safari za wengine.

Ujerumani: hadhi kama kipimo cha mchango

Nchi iliyounganisha kwa uwazi zaidi hadhi ya barabara na mchango wa mmiliki ni Ujerumani. Kuna michango ya aina mbili huko. Wa kwanza hutozwa barabara inapojengwa kwa mara ya kwanza, nao unaongozwa na sheria ya ujenzi ya shirikisho, inayoitaka manispaa kubeba angalau asilimia 10 ya gharama. Wa pili hutozwa barabara iliyokwisha kuwapo inapofanyiwa ukarabati mkubwa au kuboreshwa, nao uko chini ya sheria za majimbo na kanuni za manispaa.

Sheria ya jimbo la Hesse inaonyesha vizuri utaratibu wa mchango wa pili. Kwa barabara inayotumiwa zaidi na wakazi wake, manispaa hubeba angalau asilimia 25 ya gharama. Kwa barabara inayotumiwa zaidi na magari yanayopita kutoka sehemu moja ya mji kwenda nyingine, hubeba angalau asilimia 50. Kwa barabara inayotumiwa zaidi na magari yanayovuka mji, hubeba angalau asilimia 75. Kinachobaki ndicho kinachoweza kugawanywa kwa wamiliki.

Mfano wa hesabu

Uzito wa uamuzi wa hadhi huonekana vizuri kwa hesabu. Mfano ufuatao ni wa kufikirika. Barabara yenye urefu wa mita 400 inajengwa kwa shilingi milioni 300, pamoja na mitaro. Pande zake mbili zina viwanja 40, kila kimoja kikipakana na barabara kwa mita 20. Jumla ya mita zinazopakana na barabara ni 800.

Ikipewa hadhi ya barabara ya wakazi, na manispaa ikibeba asilimia 25, wamiliki watagawana shilingi milioni 225. Kila mita itatozwa shilingi 281,250, na kila kiwanja shilingi 5,625,000.

Ikipewa hadhi ya kati, na manispaa ikibeba asilimia 50, wamiliki watagawana shilingi milioni 150, na kila kiwanja kitalipa shilingi 3,750,000.

Ikipewa hadhi ya barabara ya wapita njia, na manispaa ikibeba asilimia 75, wamiliki watagawana shilingi milioni 75, na kila kiwanja kitalipa shilingi 1,875,000.

Barabara ni ileile, mkandarasi ni yuleyule na lami ni ileile. Neno moja kwenye orodha ya hadhi limebadilisha deni la familia moja kwa shilingi 3,750,000. Kwa sababu hiyo, katika miji inayotumia utaratibu huu, mivutano mingi haianzii kwenye bei ya ujenzi bali kwenye swali la iwapo barabara imepangwa katika hadhi inayolingana na matumizi yake halisi.

Njia za kugawa gharama

Baada ya kujulikana sehemu ya wamiliki, hubaki kazi ya kuigawa miongoni mwao. Njia kongwe ni ya kupima upana wa kiwanja unaopakana na barabara, kama katika mfano uliotangulia. Ni rahisi kueleweka, na mtu yeyote mwenye futikamba anaweza kuihakiki. Kasoro yake ni kwamba kiwanja chembamba chenye kina kirefu na nyumba kumi za kupangisha hulipa kidogo kuliko kiwanja kipana chenye nyumba moja ya mjane.

Njia ya pili ni ya ukubwa wa eneo. Kiwanja cha mita za mraba 800 hulipa mara mbili ya kile cha mita za mraba 400. Manispaa nyingi za Ujerumani huongeza kigezo cha matumizi: eneo huzidishwa kwa kipimo kinachopanda kadiri idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa inavyoongezeka, na majengo ya biashara huwekewa nyongeza. Njia hii iko karibu zaidi na haki, lakini huhitaji kumbukumbu sahihi za ardhi na mipango miji.

Kiwanja cha pembeni, kinachopakana na barabara mbili, ni tatizo la pekee. Kikiwa na mita 20 upande mmoja na mita 30 upande wa pili, mmiliki anaweza kutozwa kwa mita 50, ilhali nyumba yake ina lango moja tu. Kanuni nyingi huweka nafuu kwa viwanja vya aina hii. Pale nafuu hiyo inapokosekana, malalamiko huwa hayaishi.

Mipaka ya tozo

Marekani, ambako miji mingi iliweka lami kwa michango ya wamiliki, swali la mipaka lilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Mwaka 1898, katika shauri kati ya Norwood na Baker, mahakama ilishughulikia tukio la kijiji kimoja cha jimbo la Ohio kilichopitisha barabara katikati ya ardhi ya mmiliki mmoja. Kijiji kilimlipa mmiliki fidia ya ardhi iliyochukuliwa, kisha kikamtoza gharama zote za kufungua barabara hiyo, pamoja na ile fidia aliyolipwa. Mahakama ilisema kuwa tozo inayozidi kwa kiasi kikubwa manufaa aliyoyapata mmiliki ni sawa na kuchukua mali yake bila fidia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1901, katika shauri lililotoka Kansas City, mahakama hiyohiyo ilikubali kuwa kugawa gharama za lami kwa kipimo cha upana wa kiwanja si kinyume cha katiba. Mashauri hayo mawili yanaacha funzo moja: mamlaka inaweza kuchagua kipimo chepesi, lakini tozo lazima ibaki na uhusiano na manufaa.

Ufilipino imeweka mipaka hiyo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1991 inaruhusu miji kutoza ardhi iliyonufaika moja kwa moja na kazi za umma, lakini tozo haiwezi kuzidi asilimia 60 ya gharama halisi. Kanuni ya kutoza lazima ieleze aina ya mradi, mahali ulipo na gharama zake, na malipo hugawanywa kwa awamu za kila mwaka kwa muda usiopungua miaka 5 na usiozidi miaka 10. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, deni la shilingi 5,625,000 likigawanywa kwa miaka 10 bila riba ni shilingi 562,500 kwa mwaka, yaani shilingi 46,875 kwa mwezi.

Mahali utaratibu ulipokwama

Nchini Ujerumani kwenyewe, mchango wa ukarabati umepoteza nguvu. Berlin iliufuta mwaka 2012 na Hamburg mwaka 2016. Bavaria iliufuta kuanzia mwaka 2018. Majimbo mengine yalifuata, likiwamo Rhine Kaskazini-Westfalia, jimbo lenye watu wengi kuliko yote nchini humo, mwaka 2024. Hesse haikuufuta, lakini tangu mwaka 2018 imeziachia manispaa hiari ya kuutoza au kutoutoza, na imeruhusu malipo kwa awamu hadi miaka 20.

Sababu za mageuzi hayo zinafanana. Ankara ilikuja kwa mkupuo mmoja na wakati mwingine ilifikia maelfu mengi ya yuro. Iliwaangukia hata wastaafu waliomiliki nyumba bila kuwa na kipato cha kutosha. Nyumba ilikuwa na thamani, lakini thamani hiyo haikuwa fedha mkononi. Wapo waliolalamika kuwa manispaa iliacha barabara ichakae kwa miaka mingi bila matengenezo madogo, ambayo ni jukumu lake, kisha ikaiita kazi kubwa ili gharama ihamie kwa wamiliki.

Kufutwa kwa mchango hakukufuta gharama. Barabara zilizobaki zinahitaji fedha zilezile, na sasa fedha hizo hutoka katika hazina ya jimbo au kodi za manispaa. Maana yake ni kwamba mpangaji asiye na kiwanja huchangia, kupitia kodi, barabara inayopandisha thamani ya mali ya mtu mwingine. Kila utaratibu una anayebeba mzigo. Kinachotofautiana ni nani na kwa uwazi gani.

Uzoefu wa Hanna Nassif

Tanzania nayo ina historia ya wananchi kushiriki gharama za miundombinu ya makazi yao. Katika miaka ya 1990, wakazi wa Hanna Nassif, Manispaa ya Kinondoni, walishiriki katika mradi wa kuboresha makazi uliopata msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Mitaro ya maji ya mvua na barabara za ndani zilijengwa kwa kutumia nguvukazi, na wakazi walichangia fedha na kazi kupitia chama chao cha maendeleo.

Tofauti kati ya Hanna Nassif na ankara ya Ujerumani ni mpangilio wa hatua. Huko Hanna Nassif, mafuriko yalikuwa tatizo lililojulikana na kila mkazi, na wakazi walishiriki katika kupanga na kutekeleza kazi. Mchango ulikuwa sehemu ya makubaliano. Ankara inayofika baada ya kazi kukamilika huwa ni deni tu, hata kama hesabu yake ni sahihi.

Mambo ya kuangalia katika tangazo la mradi wa barabara

Iwe kuna mchango wa wamiliki au hakuna, tangazo la mradi wa barabara lina taarifa ambazo mwananchi anapaswa kuzisoma kwa makini.

La kwanza ni hadhi ya barabara na chombo kinachoisimamia. Barabara iliyo chini ya TANROADS na iliyo chini ya TARURA zina ofisi tofauti za kupokea maoni na malalamiko.

La pili ni mpaka wa hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa, upana wa hifadhi uliongezwa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Barabara ikipandishwa hadhi, nyumba iliyokuwa nje ya hifadhi inaweza kujikuta ndani yake. Hivyo wanaoomba barabara yao ipandishwe hadhi ili ipate lami wanapaswa kujua kuwa ombi hilo lina upande wa pili.

La tatu ni aina ya kazi. Matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu, ukarabati na ujenzi mpya ni kazi tofauti zenye mafungu tofauti ya fedha. Kuziba mashimo na kuzibua mitaro si uboreshaji.

La nne, pale wananchi wanapoombwa kuchangia, ni msingi wa kisheria wa mchango huo, gharama ya jumla, sehemu inayobebwa na mamlaka, kipimo kilichotumika kugawa, muda wa kulipa, na nafuu kwa wasio na uwezo. Mchango halali huwa na stakabadhi ya Serikali na hesabu inayoweza kusomwa hadharani.

La tano ni muda na mahali pa kutoa pingamizi. Pingamizi dhidi ya hadhi linafaa zaidi likitolewa kabla ya usanifu kukamilika, kwa kuwa baada ya hapo vipimo vya barabara na bajeti yake huwa vimekwisha kuandikwa.

Hadhi ya barabara huonekana kuwa suala la wahandisi, lenye majedwali na namba za ramani. Kwa mkazi, ndiyo inayoamua kama lori la mchanga litapita mlangoni kwake, kama ukuta wake utabaki mahali ulipo, na kama gharama ya lami itabebwa na wengi au na wachache. Orodha za hadhi hupitiwa upya miji inapokua, na mkazi anayejua jina la barabara yake na hadhi yake huwa na cha kusema mapitio hayo yanapofanyika.